KWA NINI AMPLIFAYA YA KIGANGO HUUNGUA
Tuifahamu transista kubwa, ile ya kukuza sauti na ile ya kuwasha na kuzima



Katika kigango kimoja cha upande wetu huu wa Kiirua, ambacho sitakitaja jina, amplifaya iliungua mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza ilikuwa siku ya mazishi. Watu walijaa mpaka barabarani, na kamati ikaona honi mbili tulizozizoea hazitatosha. Basi tukaazima nyingine mbili kwa majirani, zikapandishwa kwenye miti, waya zikaunganishwa. Katekista alipoanza sala sauti ilitoka safi kabisa, na kila mtu akafurahi. Nusu saa baadaye, Padre akiwa katikati ya mahubiri, ikasikika ngurumo moja nzito, halafu kimya, halafu harufu ya kitu kilichoungua.

Kijana aliyekuwa anashika mashine siku hiyo ndiye aliyebeba lawama. Wengine walisema alichezea vifungo. Wengine, na hili ndilo baya zaidi, walinong'ona kwamba aliuza spea nzuri ya ndani akaweka mbovu. Mimi nilikuwa katika kamati hiyo na sikumtetea. Fundi akabadilisha transista, tukalipa. Sikukuu iliyofuata tukafunga honi nne tena, ikaungua. Tukalipa tena. Iliyofuata ikaungua hata kabla ya sadaka. Pesa zenyewe zilikuwa za viazi vya shamba la kigango, na kijana naye akaacha kuja kanisani.

Mara ya tatu tulipeleka mashine Meru mjini kwa fundi mwingine, mzee mmoja mpole. Hata hakuifungua kwanza. Aliuliza tu, "Mwalimu, siku hizo zote mlifunga honi ngapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kutuuliza swali hilo. Nimeandika makala hii ili kamati nyingine, shule, na vikundi vyenye mashine za sauti au inveta za sola wajue kwa nini aliuliza.

TRANSISTA NI MFEREJI

Sisi tulio kwenye miradi ya maji tunajua valvu kubwa ya bomba kuu. Maji yanayoshuka kutoka mlimani yana nguvu ya kujaza matangi ya kijiji kizima, lakini mkono wa mtoto unaweza kuyafungulia na kuyafunga. Mkono haukuyaleta maji, unayaongoza tu. Transista ni valvu ya namna hiyo, ila badala ya maji unapita umeme, na badala ya mkono kuna umeme mwingine mdogo.

Ina miguu mitatu. Umeme mkubwa unaingia kwa kolekta na kutokea kwa emita. Mguu wa tatu, besi, ndio mkono wa mtoto. Sauti ya Padre ikipita kwenye maikrofoni inakuwa umeme mdogo sana, usioweza kutikisa hata karatasi ya spika. Umeme huo mdogo unakuzwa hatua kwa hatua mpaka unafika kwenye besi ya transista kubwa, na hiyo inafungulia umeme wa betri au wa stima uende kwenye honi kwa mtindo uleule wa sauti ya Padre.

Transista ya kwanza ilitengenezwa mwezi wa Desemba 1947 katika maabara za Bell huko Marekani. Watu watatu, Bardeen, Brattain na Shockley, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo mwaka 1956. Zile za mwanzo zilikuwa dhaifu. Ndogo za redio, mpaka leo, ni kama mbegu ya maharagwe. Kubwa, za nguvu, ni jambo lingine. Ile inayojulikana kwa kila fundi wa zamani hapa Meru ni 2N3055, iliyoletwa sokoni na kampuni ya RCA ya Marekani miaka ya mwanzo ya 1960. Ni ya chuma, ina umbo kama kofia ndogo, na matundu mawili ya skrubu. Kwenye maandishi ya kiwandani inaruhusiwa kupitisha mpaka ampea 15, kuvumilia volti 60, na kubeba joto la wati 115. Hizo namba tatu zishike, tutazirudia.

Jambo moja wengi hawalijui: transista kubwa ni mvivu. Ili ipitishe ampea 4, hiyo 2N3055 inaweza kudai mpaka sehemu moja ya ishirini ya umeme huo kwenye besi, yaani kama ampea 0.2. Transista ndogo ya maharagwe haiwezi kumpa hizo. Kwa hiyo katikati huwekwa ya wastani, ambayo mafundi huiita dereva. Kubwa inapoungua mara nyingi inamvuta dereva pamoja na rezista ndogo za jirani. Fundi akibadilisha kubwa peke yake bila kupima majirani, ameweka mtu mzima kwenye nyumba inayowaka.

NUSU WAZI NDIKO KWENYE MOTO

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo tusiharakishe.

Joto linalozaliwa ndani ya transista ni volti zilizobaki juu yake mara ampea zinazopita ndani yake. Mfereji ukifungwa kabisa, volti zote ziko juu yake lakini hakuna ampea: joto sifuri. Mfereji ukiwa wazi kabisa, ampea ni nyingi lakini volti zilizobaki juu yake ni kidogo: joto ni dogo. Mfereji ukiwa nusu, una volti na una ampea kwa pamoja. Hapo transista inapika.

Tuchukue mfano. Amplifaya ina volti 24 kila upande, na honi mbili za omu 8 zimeunganishwa pamoja, kila moja kwenye waya zilezile mbili. Kwa pamoja zinakuwa omu 4. Sauti ikipanda mpaka kileleni, honi zinapata karibu volti 24 zote, ampea 6 zinapita, na transista inabaki na volti kidogo tu. Lakini sauti ikiwa katikati, honi zinapata volti 12 na transista inabaki na 12 nyingine. Ampea ni 3. Kumi na mbili mara tatu ni wati 36 za joto, ndani ya kitu kidogo kuliko kibiriti. Bahati nzuri transista huwa mbili zinazopokezana, moja inabeba nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini, kwa hiyo kila moja inapata nafasi ya kupumua.

Sasa fungeni honi nne za omu 8 kwa mtindo uleule. Zimekuwa omu 2. Pale katikati volti ni zilezile 12, lakini ampea ni 6, na joto limekuwa wati 72. Kileleni ampea zimekuwa 12. Hakuna aliyegusa kifungo. Kijana wetu hakuongeza sauti hata kidogo. Honi mbili za kuazima ndizo zilizoongeza joto maradufu, na nyuma ya ile mashine, kwa maandishi madogo ambayo hakuna mtu wa kamati aliyeyasoma, iliandikwa isipewe chini ya omu 4.

Amplifaya ya sauti haiwezi kukwepa hiyo hali ya nusu, kwa sababu sauti ya binadamu yenyewe ni kupanda na kushuka. Hata iliyoundwa vizuri kabisa ya aina hii, kwa hesabu ya vitabu, haipeleki kwenye spika zaidi ya asilimia 78 hivi ya umeme inaokula. Mahubiri ya kawaida hayafiki hata hapo. Kinachobaki ni joto, na lazima lipewe njia.

Na zile wati 115 za 2N3055? Hapo kuna mtego. Namba hiyo ni kweli iwapo mwili wa transista utashikiliwa kwenye nyuzi 25, kama umeutumbukiza kwenye maji ya mto. Mwili ukifika nyuzi 100, kitu ambacho si ajabu kwenye mashine iliyofungiwa kabatini, inaruhusiwa kubeba kama wati 65 tu. Ndani kabisa, kwenye kile kipande cha silikoni, mwisho wake ni nyuzi 200. Zile za plastiki nyingi mwisho wake ni 150. Watu husema hapa kwetu kuna baridi, mashine haiwezi kuungua. Baridi ya Kiirua inasaidia nyuzi chache tu. Haiwezi kumwokoa aliyeongezewa mzigo mara mbili.

Kuna ubaya mwingine. Transista za aina hii zikipata joto hupitisha umeme zaidi hata kama besi haijaongezewa kitu. Umeme zaidi unaleta joto zaidi, joto linaleta umeme zaidi, mpaka inaungua. Ndiyo maana kwenye amplifaya nzuri utaona transista moja ndogo, au dayodi, imebanwa juu ya bati lilelile la zile kubwa, ingawa yenyewe haina joto la maana. Ni kama mlinzi: inahisi joto la wakubwa na kuwapunguzia besi. Nimeona mashine ambayo fundi aliing'oa hiyo ndogo ili apate nafasi ya mkono, akairudisha ikining'inia hewani. Mashine hiyo ingeungua kila mwezi mpaka mwisho wa dunia.

BATI LA MBAVU NA KITAMBAA CHA AKINA MAMA

Lile bati nene la aluminiamu lenye mbavu, mafundi wanaliita hitisinki, ndilo njia ya joto. Transista haigusani nalo moja kwa moja. Mwili wa chuma wa transista ndio kolekta yenyewe, una umeme, kwa hiyo katikati huwekwa karatasi nyembamba ya mika, na pande zote mbili hupakwa grisi nyeupe. Grisi si ya kulainisha. Ni ya kujaza vijishimo ambavyo hewa ingekaa, maana hewa haipitishi joto vizuri. Ipakwe kidogo sana. Ukiona imejaa kama siagi kwenye mkate, fundi hajui kazi yake. Usipoona kabisa, hiyo mbaya zaidi. Mika ikipasuka umeme unaingia kwenye bati na mashine inapiga shoti siku hiyohiyo.

Akina mama watanisamehe, lakini vile vitambaa vyeupe vya kufuma, vizuri kweli, vinavyotandikwa juu ya amplifaya ili ipendeze karibu na altare, ni blanketi. Joto linapanda juu, linakuta blanketi, linarudi. Vumbi la kiangazi nalo, likikaa kati ya mbavu, linafanya kazi ileile. Brashi kavu ya rangi mara moja kwa miezi mitatu inatosha, mashine ikiwa imezimwa na waya imechomolewa ukutani. Ndani msifungue wenyewe. Kapasita kubwa zinaweza kushika umeme hata baada ya kuchomoa.

KUUNGANISHA HONI NNE BILA MAJUTO

Yule mzee wa Meru alituchorea kwenye karatasi ya sigara. Shika honi mbili za omu 8, uziunganishe kwa kufuatana, yaani waya itoke mashineni, iingie honi ya kwanza, itoke iingie ya pili, ndipo irudi. Hizo zinakuwa omu 16. Fanya hivyo kwa honi mbili nyingine. Sasa jozi hizo mbili, za omu 16 kila moja, ziunganishe pamoja kwenye mashine. Unapata omu 8. Honi nne, na mashine inaona kama honi moja. Kila honi itapata nguvu kidogo kuliko ingekuwa peke yake, lakini kwenye mazishi watu hawahitaji kelele, wanahitaji wote wasikie.

Mashine nyingi za kanisa zina pia mahali pameandikwa 100V. Hapo ni kwa honi zenye transfoma ndogo ndani. Kwa hizo omu haziulizwi, unajumlisha wati: honi nne za wati 15 ni 60, na mashine iwe na wati 60 au zaidi. Zinafaa sana honi zikiwa mbali, kwa mfano mpaka getini. Usichanganye. Honi ya kawaida ya omu 8 ukiifunga kwenye 100V, unaweza kuimaliza honi na transista kwa pamoja.

ILE INAYOWASHA NA KUZIMA

Sasa tugeukie kazi ya pili ya transista kubwa, na hii wengi wenu mnayo nyumbani bila kujua.

Umeme wa jua una historia hapa Meru. Mwaka 1984 Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, katika iliyokuwa Wilaya ya Meru, ilikuwa inafikiria kununua jenereta ya dizeli. Mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins, akisaidiana na Mmarekani mwenzake Harold Burris aliyekuwa na biashara ndogo ya sola, waliishawishi shule iweke sola badala yake. Baadaye wakafundisha mafundi wa hapahapa, na kutoka kwenye kazi hiyo sola ikaenea kwenye nyumba za wakulima.

Taa nyingi za sola za miaka hiyo zilikuwa tyubu. Tyubu haiwezi kuwaka kwa volti 12 za betri, inataka nyingi zaidi. Ndani ya kikebe cha taa kulikuwa na transista ya nguvu ikiwasha na kuzima umeme wa betri maelfu ya mara kwa sekunde, na transfoma ndogo ikaupandisha. TV za Great Wall za inchi 14 zilizoendeshwa kwa betri miaka ya 1990 zilikuwa na transista kama hiyo nyuma, inayowasha na kuzima mara 15,625 kwa sekunde. Watoto wenye masikio mazuri walisikia ule mluzi mwembamba, wazee hawakusikia.

Transista ya kazi hii inakaa pande mbili tu: wazi kabisa au imefungwa kabisa. Hapitii nusu ila kwa kuvuka haraka, kama mtu anayeruka mtaro. Kwa hiyo inaweza kubeba kazi kubwa na ikabaki na joto dogo. Siku hizi mahali pa transista ya zamani pamechukuliwa na mosfeti, ambayo mkono wake unaitwa geti na unasukumwa kwa volti, si kwa ampea. Mosfeti ya IRF3205, inayoonekana sana kwenye inveta za kawaida, ikiwa wazi kabisa inazuia umeme kwa omu 0.008 tu. Ikipitisha ampea 25, ambazo ni kama wati 300 kutoka betri ya volti 12, joto lake ni wati 5. Hizo hata bati dogo linazimudu.

Lakini ikisita katikati, na volti 6 zikabaki juu yake, ampea zikiwa zilezile 25, joto ni wati 150. Haina nafasi ya kulalamika. Inapasuka kabla hujafika kwenye swichi.

Ni nini kinachoifanya isite? Mara nyingi ni betri iliyochoka. Mosfeti ya aina hiyo inataka kama volti 10 kwenye geti ili ifunguke sawasawa. Betri ikishuka sana chini ya hapo, haifunguki sawasawa. Inveta nzuri inapiga kengele na kujizima kabla ya hapo, na watu wetu, kwa sababu mpira unaonyeshwa na umebaki dakika kumi, wanamwita kijana wa mtaa akate waya wa kengele. Sisemi jambo la kufikirika, nimeona nyumba mbili. Dakika kumi za mpira ziligharimu seti nzima ya mosfeti.

Sababu nyingine ni mota. Friji au pampu inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule ulioandikwa kwenye kibati chake. Inveta ya wati 300 haianzishi friji ya wati 150, hata muuzaji akiapa. Na kuna wale wanaogeuza waya za betri, nyekundu kwa nyeusi. Ndani ya kila mosfeti kuna njia kama ya dayodi ambayo haina mfereji. Ukigeuza, umeme unapita humo moja kwa moja. Kazi ya fyuzi ni kukatika hapo, iokoe vilivyobaki. Ukiwa umeitoa fyuzi na kuweka kipande cha waya wa fensi, kitakachokatika ni inveta, au nyumba itashika moto.

Na tusisahau: volti 240 zinazotoka kwenye inveta zinaua kama za stima. Betri ya gari haikuumi ukiigusa kwa mkono, na hiyo ndiyo inayowadanganya watoto.

Mafundi wameunganisha hizi kazi mbili pia. Amplifaya mpya nyepesi, zile unazobeba kwa mkono mmoja na bado zinatoa sauti ya harusi, hazitumii nusu wazi. Zinakatakata umeme kwa kuwasha na kuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kisha kichujio kinarudisha umbo la sauti. Zinaweza kufikisha kwenye spika zaidi ya asilimia 90 ya umeme zinaokula, ndiyo maana hazina bati kubwa. Kwa kigango kinachotumia sola ni jambo zuri. Ubaya wake ni kwamba zikiharibika, mafundi wengi wa hapa watakwambia ununue nyingine, kwa kuwa vipande vyake ni vidogo kama chembe za mchele. Mimi binafsi bado ningechagua ile nzito ambayo fundi wa Meru anaweza kuitibu.

SPEA BANDIA

Mara ya pili mashine yetu ilipotengenezwa, transista mpya hazikuwa za kweli. Zilikuwa na namba sahihi, zinang'aa, na bei ilikuwa nafuu. Yule mzee alizikata kofia kwa msumeno mdogo, akaweka pembeni ya nyingine ya zamani iliyokufa. Ndani ya ile ya zamani kulikuwa na kipande cha silikoni kikubwa kama punje ya mahindi. Ndani ya mpya kilikuwa kama mbegu ya sukuma wiki. Kofia ni ileile, namba ni ileile. Kipande kidogo hakiwezi kubeba ampea zilizoandikwa.

Kibaya ni kwamba mita haigundui. Ukipima transista kwa mita upande wa dayodi, kutoka besi kwenda kwa emita na kutoka besi kwenda kwa kolekta inaonyesha kama 0.5 mpaka 0.7, na kati ya kolekta na emita haionyeshi kitu, basi unasema ni nzima. Na kweli ni nzima. Mita inapitisha umeme mdogo sana, kama kupima nguvu za ng'ombe kwa kumfunga kamba ya nyasi. Mita ni nzuri kwa kujua iliyokufa, maana hiyo italia "piii" pande zote. Kwa bandia, tumia macho. Sugua maandishi kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha: yaliyopakwa upya hutoka. Angalia uso kama umekwanguliwa. Angalia miguu kama ina mabaki ya risasi wakati umeambiwa ni mpya. Na bei. Ukienda Luthuli Avenue kule Nairobi ukakuta duka moja linauza kwa robo ya bei ya majirani wote, hujapata bahati.

Mzee alituwekea transista alizozing'oa kwenye mashine nzee ya shule iliyovunjika. Kwa maoni yangu transista kuukuu ya kweli ina maana kuliko mpya ya bandia, na mafundi wengi wa zamani wanafanya hivyo, ingawa hawapendi kusema kwa mteja.

Alipomaliza hakuiwasha moja kwa moja. Alipitisha stima kwanza kwenye balbu ya wati 100, ile ya zamani yenye waya ndani, iliyofungwa kwa kufuatana na mashine. Kama kungekuwa na shoti balbu ingewaka kwa nguvu na kuzuia umeme, na transista zingepona. Iliwaka kidogo, ikafifia. Ndipo akaunganisha kawaida. Fundi wako akiichomeka ukutani moja kwa moja huku amegeuza uso pembeni, tafuta mwingine.

Ndani ya kifuniko tumebandika karatasi: namba za transista, tarehe, jina la fundi, na kwa herufi kubwa, OMU 4 AU ZAIDI. Kamati ilikwenda nyumbani kwa yule kijana, watu watatu, mimi mmoja wao, tukamweleza tuliyoambiwa mjini na kumwomba radhi mbele ya mama yake. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza ile honi ya nne ya kuazima ni ya omu ngapi, kwa sababu maandishi yake yamefutwa na mvua. Hakuna aliyejua. Jumapili iliyofuata alikuja na mita, akaipima. Ikaonyesha 6.5, akasema basi hiyo ni ya omu 8, kwa sababu mita husoma chini kidogo. Akapanda mtini kuifunga.